Kampuni Huarifiwa, Mtu Hushtukizwa

Mwaka 1972, kabla ya pilikapilika za manunuzi ya Krismasi, wakuu wawili wa polisi katika eneo la Louisville, jimbo la Kentucky, walitengeneza kijitabu cha kurasa tano kilichojaa picha na majina ya watu waliowaita wezi wa madukani. Kikagawiwa kwa wenye maduka wapatao 800. Miongoni mwa nyuso zile ilikuwamo ya mpiga picha wa magazeti ya mjini humo. Mwaka uliotangulia alikuwa amekamatwa kwa tuhuma ya kuiba dukani, akakana, na shauri lake likawekwa kando bila hukumu. Muda mfupi baada ya kijitabu kutoka, shauri lenyewe likafutwa. Lakini bosi wake alikwisha kupata habari, akamwita, akamwambia hafukuzwi, ila asije akakutwa tena katika hali ya namna ile.

Mpiga picha akashtaki. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Paul v. Davis, ikamjibu kwa kura tano dhidi ya tatu: kuchafuliwa jina na serikali, peke yake, si kunyang'anywa haki ya kikatiba. Na kukamatwa kwake kulikuwa tendo rasmi la dola, kwa hiyo dola ikilitangaza haijavunja faragha anayoweza kuidai kwa Katiba. Akitaka, aende mahakama za jimbo akadai fidia ya kashfa.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wetu, tukisikia kwamba idara ya serikali inakaribia kutoa jina la mtu, huwaza jambo moja tu: aende mahakamani akaizuie. Tunadhani mlango huo upo wazi na kinachohitajika ni wakili hodari. Kwa sheria za Marekani mlango upo kweli, ila ni mwembamba, na ukitazama jinsi nyumba ilivyojengwa utaona kuwa mafundi hawakukusudia upitwe na watu wengi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata hapa ni serikali: imechota namba yako ya hifadhi ya jamii, ugonjwa wako, anwani yako, sahihi uliyoweka kwenye ombi fulani. Siku kata ikiamua kusema, mtungi una neno gani?

Tuanze na sheria yenyewe ya kufungua mafaili. Sheria ya Uhuru wa Habari, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966, inampa mtu yeyote haki ya kuomba nyaraka za idara za serikali kuu. Ina vighairi tisa. Cha sita kinahusu majalada ya wafanyakazi, ya matibabu na yanayofanana nayo, pale ambapo kuyatoa kungekuwa kuingilia faragha ya mtu waziwazi bila sababu. Anayesoma haraka atasema: basi, nimekingwa. Hajakingwa. Kilichokingwa ni idara, ili isilazimishwe kutoa. Kama idara yenyewe inataka kutoa, kighairi hakiishiki mkono.

Hilo lilisemwa wazi mwaka 1979, katika shauri la Chrysler v. Brown. Kampuni hiyo ya magari ilikuwa na zabuni za serikali, na kwa sababu hiyo ililazimika kuwasilisha taarifa kuhusu ajira za wanawake na watu wa jamii za wachache katika viwanda vyake. Watu wakaziomba taarifa hizo, idara ikakubali kuzitoa, Chrysler ikakimbilia mahakamani. Jaji William Rehnquist, yule yule aliyeandika hukumu ya mpiga picha wa Louisville, akaandika na hii: Sheria ya Uhuru wa Habari ni sheria ya kufichua tu, vighairi vyake vinaipa idara ruhusa ya kukataa na wala haviilazimishi kukataa, na mtu wa nje hawezi kuigeuza kuwa silaha ya kuzuia. Kilichobaki ni njia ya kuzunguka. Unaweza kuishtaki idara kwa sheria ya 1946 ya taratibu za utawala, ukadai kwamba uamuzi wake wa kutoa ni wa kibabe au unavunja sheria nyingine. Wanasheria wa Marekani huyaita mashauri haya mashauri ya kinyume, maana mlalamikaji haombi apewe faili, anaomba mwenzake asipewe.

Sasa, unavunja sheria ipi nyingine? Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na uchungu wake pia.

Kwa mtu wa kawaida jibu ni Sheria ya Faragha ya 1974, iliyotungwa kashfa ya Watergate, ile iliyomng'oa Rais Nixon, ikiwa bado mbichi. Inasema idara isitoe kumbukumbu za mtu bila idhini yake ya maandishi, kisha inaorodhesha hali ambazo idhini haihitajiki. Mojawapo ni pale Sheria ya Uhuru wa Habari inapodai nyaraka itolewe. Ukiziunganisha sheria hizi mbili, kwenye karatasi unapata ulinzi halisi: kama kighairi cha sita kinakuhusu, idara haina tena hiari, imekatazwa. Ningeishia hapo kama makatazo yangejitekeleza yenyewe.

Hayajitekelezi. Sheria ya Faragha inampa jaji uwezo wa kuiamuru idara ikuoneshe faili lako au ilirekebishe. Kuhusu kutoa faili kwa wengine, inachotaja ni fidia ya pesa, tena baada ya kutolewa, na tena uthibitishe kwamba idara ilifanya kwa kukusudia au kwa kupuuza makusudi. Mahakama nyingi zimesoma ukimya huo kama mlango uliofungwa: hakuna amri ya zuio kwa sheria hii. Baadhi ya majaji wameruhusu kupita uani, kwa ile sheria ya 1946.

Na hiyo fidia nayo ni hadithi. Wizara ya Kazi ilikuwa ikishughulikia madai ya wachimba makaa ya mawe wenye ugonjwa wa mapafu meusi. Ikawa inatumia namba zao za hifadhi ya jamii kama namba za majalada, na kuzichapa kwenye barua za kuitwa kusikilizwa ambazo zilipelekwa kwa kundi zima la wadai, waajiri wao na mawakili. Baadhi yao wakashtaki kwa majina ya kubuni. Sheria ilitaja kiwango cha chini cha dola 1,000. Mwaka 2004, katika Doe v. Chao, Mahakama ya Juu ikasema hata hizo 1,000 hazitoki mpaka uoneshe hasara halisi. Hasara halisi ni nini? Jibu likaja 2012, katika shauri la rubani mwenye virusi vya UKIMWI ambaye idara ya hifadhi ya jamii ilitoa habari zake kwa wachunguzi wa usafiri wa anga. Mahakama ikasema, kwa kura tano dhidi ya tatu, kwamba hasara halisi ni ya mfukoni. Fedheha na hofu hazimo kwenye hesabu. Fikiria: sheria inayoitwa ya faragha, ambayo madhara ya kawaida kabisa ya kuvunjiwa faragha hayalipwi. Sijapata kuona mtu akieleza vizuri kwa nini Bunge lingetaka hivyo.

Na huo ni ulinzi wa raia na wakazi wa kudumu. Sheria ya Faragha haiwajui wengine. Mwaka 1991, katika shauri la Department of State v. Ray, wakili mmoja alitaka majina ya Wahaiti waliorudishwa kwao na Marekani, ambao maofisa wa ubalozi waliwahoji kujua kama walikuwa wakiteswa. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imetoa ripoti na kufuta majina. Mahakama ikaiunga mkono wizara: majina yasitolewe. Vizuri. Lakini angalia nani alishinda. Wahaiti hawakuwa mahakamani. Walilindwa kwa sababu wizara iliamua kuwalinda. Kama wizara ingebadili nia asubuhi moja, sheria hiyo hiyo isingewapa pa kushika. Hali ni ile ile katika hukumu maarufu ya 1989 kuhusu kumbukumbu za makosa zinazotunzwa na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Ushindi mwingi wa faragha kwenye vitabu vya sheria vya Marekani, ukiutazama vizuri, ni ushindi wa idara iliyokataa kutoa. Mwenye jina amepanda gari la mwenzake.

Je, Katiba haisaidii? Kidogo sana. Mwaka 1977, katika shauri lililohusu orodha ya New York ya watu walioandikiwa dawa kali, Mahakama ya Juu ilidokeza kwamba huenda kuna haki ya kutofichuliwa mambo ya ndani. Mwaka 2011, miaka 34 baadaye, wafanyakazi wa mkataba wa NASA, shirika la anga za juu, walipopinga maswali ya upekuzi, Mahakama ikasema tena: tuchukulie haki hiyo ipo, kisha tuone, na ikaona haijavunjwa. Haki inayochukuliwa kuwa ipo kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuthibitishwa inafanana na mgeni anayesubiri barazani: hafukuzwi wala hakaribishwi ndani.

Penye nguvu zaidi ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale ya uhuru wa kusema na kujumuika, na hapo ndipo shauri la Doe v. Reed la 2010 lilipopiganwa. Katika jimbo la Washington watu walikusanya sahihi zaidi ya 137,000 ili sheria iliyopanua haki za wenza wasiofunga ndoa, wakiwemo wa jinsia moja, ipelekwe kwenye kura ya maoni. Sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma ilifanya fomu zile ziwe wazi kwa anayeomba. Waliosaini wakaogopa kusumbuliwa. Mahakama ya Juu, kwa kura nane dhidi ya moja, ikasema ufichuzi wa sahihi za namna hiyo kwa jumla hauvunji Katiba, ila kundi fulani linaweza kushinda likionesha uwezekano wa kweli wa vitisho, bughudha au kulipiziwa kisasi. Jaji Antonin Scalia akaongeza kwamba kuwataka watu wasimame hadharani kwa matendo yao ya kisiasa hujenga ujasiri wa kiraia. Waliosaini wakarudi mahakama ya chini na ushahidi wao, na mwaka 2011 wakashindwa.

Mimi niko upande wa Mahakama katika hili, ingawa si kwa sababu za Scalia. Kuhubiri ujasiri ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kiti cha jaji chenye walinzi. Sababu yangu ni kwamba aliyesaini ombi lile hakuwa ametoboa siri yake kwa serikali. Alikuwa anashiriki kutunga sheria itakayowabana wengine, na wale wengine wana haki ya kuhakiki kama sahihi ni za kweli. Vivyo hivyo kwa askari wa Seattle waliohudhuria mkutano wa hadhara katika mji mkuu, Washington, D.C., tarehe 6 Januari 2021, siku umati ulipovamia jengo la Bunge, na kutaka majina yao yafunikwe kwenye nyaraka za uchunguzi. Februari 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliwakatalia. Mkutano wa hadhara ni wa hadhara.

Lakini mchimba makaa hakwenda hadharani. Wala rubani. Wao walitoa habari zao kwa sababu bila kuzitoa wasingepata mafao au leseni. Sheria inayowapima wote kwa kipimo kimoja, ikiuliza tu kama idara imefuata taratibu zake, inakosa tofauti ambayo mtu asiyejua sheria angeiona papo hapo.

Kinachoshangaza ni kwamba mahakama hizo hizo huwa kali kabisa serikali inapojaribu kukusanya majina, kabla hata haijayatoa. Mwaka 1958 jimbo la Alabama lilitaka orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Mahakama ya Juu ikakataa, maana kila mtu alijua orodha ile ingewafanya nini wenye majina. Mwaka 2021 California ilikuwa ikizitaka taasisi za hisani ziwasilishe majina ya wafadhili wao wakubwa, kwa ahadi ya kuyatunza kwa siri. Ushahidi ukaonesha fomu za siri karibu 2,000 zilikuwa zimewekwa kwa bahati mbaya kwenye tovuti ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Kwa kura sita dhidi ya tatu, sharti likafutwa. Somo ambalo wakili yeyote analipata hapo ni hili: ukitaka kulinda jina, pigana nao wakati wanalidai. Wakishalitia kwenye faili umechelewa nusu.

Likishatoka, umechelewa kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki, na sheria ya Marekani imeyaandika hayo kwa wino. Mwaka 1989, katika Florida Star v. B.J.F., ofisi ya polisi ilikuwa imeacha kwa makosa jina la mwanamke aliyebakwa kwenye ripoti iliyowekwa katika chumba cha waandishi. Gazeti likalichapa. Mahakama ikasema gazeti haliwezi, isipokuwa kwa sababu nzito kabisa, kuadhibiwa kwa kuchapa ukweli lililoupata kihalali kutoka serikalini. Siilaumu hukumu hiyo. Bila yake kila mhariri angeishi kwa hofu ya makosa ya karani. Ila inamaanisha kwamba kosa la karani halina marekebisho.

Basi unaenda mapema? Hapo unakutana na kikwazo kingine. Jaji wa serikali kuu hasikilizi hofu. Anataka madhara yaliyo karibu kutokea kwa hakika. Februari 2025, Wizara ya Sheria ilipotaka orodha ya watumishi wa FBI walioshughulikia uchunguzi wa tukio la 6 Januari, maajenti walishtaki wakihofia majina yao kutangazwa. Serikali ikakubali kwamba haitayatangaza bila kutoa taarifa siku mbili za kazi kabla. Miezi michache baadaye shauri likatupwa: hawakuwa wameonesha kwamba ufichuzi uko mlangoni. Kwa hiyo mwenye jina anaambiwa leo ni mapema mno, na kesho kutwa ataambiwa yamekwisha kumwagika. Kati ya hizo siku mbili kuna upenyo, na kuupata unahitaji kujua lini hasa jina linatoka.

(Kuna na kichekesho cha utaratibu. Kanuni ya kumi ya mashauri ya madai katika mahakama za serikali kuu inataka hati ya madai itaje majina ya wahusika wote. Anayetaka jina lake lisitajwe lazima kwanza aombe ruhusa ya kutolitaja. Akikataliwa, achague: auache ugomvi au ajitangaze mwenyewe.)

Ndiyo maana maneno yaliyonivutia katika habari yote hii ya maajenti ni zile "siku mbili za kazi". Hawakupata zuio la kudumu. Walichopata kwa muda, tena kwa makubaliano, ni kuarifiwa. Nami naamini kasoro kubwa ya mfumo huu iko hapo. Majaji kusita kutoa amri za zuio si ndiyo shida yenyewe. Wana sababu nzuri za kusita, na nchi ambayo kila ofisa anaweza kwenda kwa jaji kufunika jina lake ni nchi ya mafaili matupu. Shida ni kwamba mwenye jina haambiwi.

Na si kwamba serikali haijui kuarifu. Tarehe 23 Juni 1987 Rais Ronald Reagan alisaini Amri ya Rais namba 12600. Inaziagiza idara, zikipokea ombi la nyaraka zenye siri za kibiashara, zimjulishe aliyeziwasilisha, zimpe muda wa kupinga, zizingatie pingamizi lake, na zikiamua kutoa zimwandikie sababu na tarehe ili apate nafasi ya kwenda mahakamani. Huu ni utaratibu wa kiungwana kabisa. Chrysler na wenzake wakaupata miaka minane baada ya kushindwa. Kwa binadamu, mwenye damu na mapafu, hakuna amri ya namna hiyo. Fomula ya rangi ya kiwandani ina haki ya barua. Habari ya ugonjwa wako inategemea busara ya karani aliyeshika kalamu nyeusi ya kufutia.

Majimbo hayafanani. Washington inamruhusu anayetajwa kuomba zuio, akithibitisha kwamba ufichuzi hauna maslahi kwa umma na utamdhuru vibaya bila dawa, lakini kumjulisha kwa kawaida ni hiari ya idara. California mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 2012 kwamba mwalimu wa Santa Monica anaweza kufungua shauri la kinyume. Alisikilizwa, akashindwa, na nadhani ilikuwa sawa ashindwe, maana tuhuma zilizomo kwenye faili lake zilikuwa na msingi na kazi yake ni ya umma. Wisconsin ndiyo iliyokwenda mbali kidogo. Kwa aina chache za kumbukumbu, hasa za uchunguzi wa nidhamu wa wafanyakazi, sheria ya 2003 inaitaka idara imwarifu mhusika kabla ya kutoa, kisha saa inaanza kukimbia: siku tano za kusema kama atashtaki, siku kumi za kushtaki. Zikipita, faili linatoka.

Waandishi wa habari hawapendi mfumo huo, na hoja zao zina uzito. Taarifa ya kabla ya kutoa huwa kisingizio cha kuchelewesha. Mwenye pesa ataajiri wakili, asiye nazo atabaki na barua mkononi. Idara yenye aibu yake itamsukuma mfanyakazi mbele akapigane vita ambavyo ni vyake yenyewe. Na huwezi kuandikia watu 137,000. Yote ni kweli, na ndiyo sababu nisingependa barua hiyo ipelekwe kwa kila anayetajwa popote. Ningeianzishia kwa wale tu waliolazimishwa kutoa habari zao ili wapate mafao, tiba au leseni, kwa muda mfupi kama wa Wisconsin, na mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa anayepinga. Bunge halihitajiki. Ile ya 1987 ilikuwa sahihi ya mtu mmoja.

Wachimba makaa nao, kwa kweli, walipokea barua. Ilikuwa imewataja kwa kundi, kila mmoja na namba yake, na nakala zake zilikuwa zimekwisha kufika kwa wengine wote.